Msaada: Raspberry Pi inawaka taa nyekundu tu, Linux nimeshaiweka kwenye memori kadi

mwl_maabara:

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa fizikia sekondari ya kata huku Rukwa, naomba mnisaidie maana hili jambo nimekaa nalo wiki ya pili sasa na wanafunzi kila siku wananiuliza madam ile kompyuta ndogo itawaka lini.

Iko hivi. Nimepata Raspberry Pi 3 Model B ya mkononi kwa mtu aliyekuwa anahama, ile yenye RAM ya GB 1, nataka niifanye seva ya darasa yaani niweke Kolibri, ile programu ya masomo inayofanya kazi bila intaneti, masomo na video zikae humo humo, watoto wafungue kwa simu na tableti bila bando, maana huku mtandao ni wa kuvizia na darasa langu lina watoto 60, hakuna wa kuwanunulia bando wote hao. Memori kadi nilinunua ya GB 64 nikatumiwa kwa basi. Nikashusha Raspberry Pi OS Lite, yaani Linux ya Pi, kwenye tovuti yao wenyewe, faili linaishia na .img.xz, nikaweka kadi kwenye adapta nikachomeka kwenye laptopu ya Windows, nikakopi lile faili nikapesti kwenye kadi. Mara ya kwanza ilikataa ikasema kadi imelindwa, nikaja kuona kale kaswichi ka ubavuni mwa adapta kameteremka upande wa lock, nikakapandisha ikakubali.

Nikachomeka kadi chini ya bodi, waya wa HDMI kwenye projekta ya shule, chaja ya simu, nikawasha. Taa nyekundu inawaka imetulia, ya kijani haiwaki hata kupepesa, projekta inaandika hakuna signali. Nimebadilisha waya wa HDMI, nimebadilisha chaja, nimeiacha lisaa zima nikijua labda inajiinstoo yenyewe. Hamna kitu. Je bodi imekufa? Hela niliyotoa ni yangu mwenyewe sio ya shule. Naombeni mnielekeze kwa lugha nyepesi, Linux ndo kwanza naanza.

nyaya_tatu:

Pole sana mwalimu, na hongera kwa moyo huo. Kwa maelezo yako bodi nadhani ni nzima, usimpe fundi simu aanze kuichokonoa. Tatizo lipo pale uliposema nikakopi nikapesti.

Hilo faili la .img sio programu ya kuinstoo, ni nakala ya kadi nzima kuanzia baiti ya kwanza kabisa. Ndani yake kuna jedwali la patisheni, yaani vyumba ambavyo kadi imegawanywa, kuna patisheni ndogo ya FAT32 yenye mafaili ya kuwashia, na patisheni kubwa ya ext4 ambayo ndo Linux yenyewe. Ukilipesti linakaa kwenye kadi kama godoro ambalo bado limefungwa nailoni, limeingia ndani ya nyumba ila hakuna anayelilalia. Inatakiwa liandikwe, yaani litandazwe juu ya kadi yote, na kazi hiyo inafanywa na programu maalumu sio kopi na pesti.

Na ujue Pi 3 haina BIOS kama laptopu. Ukiwasha umeme kinachoamka kwanza sio prosesa kuu, ni GPU, ile ya picha, na inaanza na kiprogramu kidogo kilichochomwa kiwandani ndani ya chipu. Hicho kinaenda moja kwa moja kwenye kadi, kinatafuta patisheni ya FAT, humo kinatafuta faili linaitwa bootcode.bin. Likipatikana linaita start.elf, start.elf inasoma config.txt, inapakia kernel, yaani moyo wa Linux, halafu ndo prosesa kuu inaamshwa. Kadi yako haina bootcode.bin kwa hiyo safari imeishia mlangoni, na taa ya kijani ambayo kazi yake ni kuonyesha kadi inasomwa haina cha kuonyesha. Kuna na la pili, kadi za zaidi ya GB 32 zinatoka dukani zikiwa na fomati ya exFAT na Pi 3 ikiwa inawaka haielewi exFAT, inaelewa FAT16 na FAT32 basi. Ila hilo lisikusumbue, ukiandika imeji, yaani hilo faili la .img, fomati ya zamani inafutika yote.

Fanya hivi: shusha Raspberry Pi Imager, ipo ya Windows. OS usishushe upya, bando ni pesa, kwenye orodha ya OS teremka mpaka chini kabisa kuna Use custom, chagua lile lile faili ulilonalo na wala usilifungue, hiyo xz inaifungua yenyewe. Kisha chagua kadi, ANGALIA ukubwa wake usije ukachagua flashi yenye mitihani yako, andika, subiri mpaka imalize kuhakiki. Ikikuletea sehemu ya mipangilio weka jina la mtumiaji na paswedi, washa SSH (njia ya kuingia kwenye Pi ukiwa kwenye kompyuta nyingine), nchi ya Wi-Fi weka TZ. Isipokuletea usijali, chomeka kibodi na projekta, siku ya kwanza ikiwaka itakuuliza jina na paswedi. Nasisitiza hapo kwa sababu zamani kulikuwa na mtumiaji pi paswedi raspberry, walimwondoa 2022, ila video nyingi za mafunzo ni za kabla ya hapo na watu wanakesha wanajaribu kuingia na pi.

mwl_maabara:

Asante sana nyaya_tatu, nimeelewa sana hapo kwenye godoro. Nimefanya vyote, Imager imeandika, imehakiki, ikasema nitoe kadi. Sasa nilivyoirudisha kwenye laptopu nione kama imeingia, Windows ikaleta vidirisha viwili, kimoja kinaonyesha kadi yangu ya GB 64 imekuwa ya MB 500 na kitu, kingine kinasema natakiwa nifomati diski F ndo niweze kuitumia. Nikaona labda kadi imeharibika, nikabonyeza Format. Sa hivi nikiwasha, taa ya kijani inapepesa na projekta imeleta maandishi meupe mengi yanakimbia halafu yanasimama, ya mwisho mwisho yanasema imeshindwa kumaunti root.

terminali_nairobi:

Salamu mwalimu kutoka huku Nairobi. Hiyo ni habari njema kuliko vile unavyofikiria. Taa ya kijani kupepesa na maandishi kutokea inamaanisha bodi ni nzima, HDMI ni nzima, na ile safari yote ya bootcode.bin mpaka kernel imepita vizuri. Kernel imefika, ikatafuta nyumba yake ikakuta imebomolewa.

Windows haijui ext4. Ikiona hiyo patisheni kubwa inadhani ni diski tupu, hapo ndio inakuomba uifomati. Kile kidogo cha MB 500 inachokiona ni ile ya FAT32 ya kuwashia, kingine chote kipo, ni vile Windows haiwezi kukisoma. Kwa hivyo kila mara ukichomeka hii kadi kwenye Windows hicho kidirisha kitakuja, wewe bonyeza Cancel, kila mara, hata kikija mara kumi. Nimeona watu wengi sana wakipoteza kazi ya wiki nzima hapo kwa hapo, inaniuma kwa sababu ujumbe wenyewe umeandikwa kama amri na mtu anayeanza anautii. Sasa andika tena imeji na Imager, ukimaliza toa kadi uiweke kwa Pi bila kuirudisha kwa laptopu.

Jambo lingine uandike mahali, hiyo taa ya kijani huwa inaongea. Ikipepesa mara nne, inatulia, mara nne tena, imekosa start.elf. Ikipepesa mara saba imekosa kernel. Ukiona hivyo usishuku bodi, shuku kadi, iandike upya.

Na kwa wengine wanaosoma na wako na laptopu ya Linux, hamhitaji Imager:

`xzcat faili.img.xz | sudo dd of=/dev/sdX bs=4M status=progress conv=fsync`

Hiyo sdX usiinakili hivyo. Andika `lsblk` kabla ya kuchomeka kadi, andika tena baada ya kuichomeka, kile kimeongezeka ndio kadi yako. Usikisie. Mimi mwaka wangu wa pili chuoni nilikisia, nikaandika juu ya diski ya laptopu yenyewe, picha za marehemu nyanya zilikuwa hapo na hazikuwa mahali pengine. dd haiulizi kama una uhakika.

mgeni_bodi:

Samahani kuingilia uzi wa mwalimu, mimi nina BeagleBone Black nimeandika kadi vizuri kabisa kwa Imager hiyo hiyo ila nikiwasha inaleta Linux ya zamani, kadi kama haioni vile. Au kadi inataka iandikwe tofauti?

nyaya_tatu:

@mgeni_bodi hapana, kadi iko sawa. BeagleBone ina memori yake ndani ya bodi, eMMC, na kwa kawaida inaanzia huko kabla ya kuangalia kadi. Zima, chomoa umeme kabisa, kuna kitufe kidogo karibu na sehemu ya kadi kinaitwa S2, kishikilie, chomeka umeme huku umekishikilia, taa za bluu zikiwaka kiachie. Itaanzia kwenye kadi. Kubonyeza riseti peke yake hakutoshi, lazima umeme utoke uingie. Ukikwama fungua uzi wako tutakuja huko, huu tumwachie mwalimu.

mwl_maabara:

IMEWAKA! Wakuu imewaka. Nimewasha nikiwa maabara kidato cha tatu wapo, juu kabisa ya skrini yakatokea matunda manne mekundu yamejipanga, mtoto mmoja akauliza kwa nini manne, nikakosa la kumjibu. Ikaniuliza kibodi, ikaniuliza jina, nimeingia. Nimeshinda jioni nzima naandika `ls` na `cd` kama nacheza.

nyaya_tatu:

Mwambie ana macho mazuri. Ni tunda moja kwa kila kiini cha prosesa, Pi 3 ina viini vinne.

mwl_maabara:

Kesho nitamwambia mbele ya darasa.

mwl_maabara:

Wakuu narudi tena, siku nne baadaye. Kolibri niliiweka ikakubali, nikaanza kuingiza masomo kutoka kwenye flashi niliyojaziwa na mwalimu mwenzangu wa Sumbawanga. Mwanzo ilienda vizuri, hesabu ikaingia, bailojia ikaingia, ilivyokaribia GB 7 jumla ikaanza kuwa nzito, video nyingine zinakata katikati, mara skrini ikajaa EXT4-fs error device mmcblk0p2, nikijaribu kuhifadhi kitu inasema Read-only file system. Nikazima nikawasha ikagoma kuwaka. Nimeandika kadi upya kwa Imager, imehakiki vizuri kabisa hakuna kosa, imewaka, nimerudia kuingiza masomo, imekufa pale pale karibu na GB 7. Na kitu kingine nimekiona, taa nyekundu ambayo zamani ilikuwa imetulia sa hivi inazima zima hasa video ikicheza. Hivi inaweza ikawa ni virusi?

terminali_nairobi:

Sio virusi mwalimu. Mara mbili kufia mahali pamoja ni ushahidi mkubwa sana, naogopa hiyo kadi si ya GB 64.

Kuna watu huchukua kadi ndogo, tuseme GB 8, wanabadilisha taarifa kwa chipu yake ya ndani iseme ni GB 64, wanachapisha lebo. Kompyuta ikiuliza ukubwa, kadi inadanganya. Ukiandika ndani ya zile GB 8 za kweli kila kitu kiko sawa, ukipita hapo data inaandikwa hewani ama inakuja kuandika juu ya ile ya mwanzo. Imager ilihakiki ikasema sawa na haikukosea, kwa sababu OS Lite ni GB chache tu na zote zinaingia pale mwanzoni penye memori ya kweli. Alafu siku ya kwanza ikiwaka, Pi hupanua patisheni ya Linux mpaka mwisho wa kadi, kwa hivyo sasa Linux inaamini iko na shamba la ekari 64 na kumbe nane tu ndio udongo.

Pima. Kwa Imager kuna Erase, irudishe kadi iwe tupu FAT32, kisha tumia programu inaitwa H2testw kwa Windows, ichague kadi, ijaze yote, isome yote. Itachukua muda, kadi ikiandika MB 10 kwa sekunde GB 64 ni karibu saa mbili kuandika peke yake bado kusoma. Iwache usiku. Wenye Linux wanatumia f3write na f3read, ni kitu kimoja.

nyaya_tatu:

Naunga mkono hilo la kadi, na hiyo taa nyekundu nayo ni kesi nyingine. Kwenye Pi 3 taa nyekundu ni mlinzi wa umeme, volti zikishuka chini ya 4.63 inazima. Wewe unatumia chaja ya simu, na zipo chaja nyingi za simu za 5V ampea 1 tu, Pi 3 wenyewe wanataka 5.1V ampea 2.5. Ikiwa imekaa tu inavumilia, video ikianza au flashi ikichomekwa inavuta zaidi, volti zinaanguka, na volti zikianguka wakati kadi inaandikwa hata kadi nzima ya halali inaharibika mafaili. Andika hii utuletee inachojibu:

`vcgencmd get_throttled`

Ikijibu 0x0 umeme uko safi.

mwl_maabara:

Imejibu 0x50005.

Na kadi nimepima usiku kucha, asubuhi nimekuta H2testw imeandika kwa rangi nyekundu kwamba GB 7.3 ziko OK na GB 51 DATA LOST. Nimesikitika sana. Aliyeniuzia alinihakikishia ni orijino, na nilimwambia kabisa ni kwa ajili ya shule.

nyaya_tatu:

Pole mwalimu. Hiyo 0x50005 inasema umeme ni mdogo sasa hivi, na ulishakuwa mdogo tangu uiwashe, na prosesa inapunguzwa mwendo ili iweze kuishi. Kwa hiyo ulikuwa unapigana na wawili kwa wakati mmoja, kadi ya uongo na chaja dhaifu, na kila mmoja anamficha mwenzake.

Kadi inayofuata chukua GB 32, inatosha, iwe na alama ya A1, hiyo A1 maana yake imepimwa kusoma na kuandika vipande vidogo vidogo ambavyo ndo Linux inafanya muda wote, sio kama kamera inayoandika picha moja ndefu. Ipime na H2testw SIKU HIYO HIYO ukiipokea kabla hujaweka kitu chochote, ili kama mbovu uirudishe ikiwa bado mpya. Masomo ya Kolibri yaweke kwenye flashi au hata diski ya USB, sio kwenye kadi. Na waya wa chaja uwe mfupi na mnene, ule mwembamba wa mita mbili unakula volti njiani hata chaja ikiwa nzuri.

mzee_wa_redio:

Shikamooni wakubwa zangu kama mpo, wengine marahaba. Nimesoma uzi wote huu kwa utulivu. Mwalimu, umeme wa huko nadhani unakatika kama wa huku kwetu, sasa hata ukipata kadi nzuri na chaja nzuri, umeme ukikatika ghafla wakati kadi inaandika utarudi hapa hapa. Na hata usipokatika, nina uhakika jioni mnachomoa tu waya kwenye soketi. Linux haitaki hivyo, kuna vitu inaviweka kwenye RAM kwanza ikisubiri kuviandika, ukichomoa vinapotea vikiwa nusu.

Kuandika `sudo poweroff` kila jioni ni sawa ukiwepo wewe. Siku haupo nani ataandika? Mimi nimetengeneza za kanisani na za ofisi ya kijiji, naweka kitufe. Chukua kitufe chochote kwenye redio mbovu, kile cha kubonyeza na kuachia, nyaya zake mbili moja ichomeke pini ya 5 na nyingine pini ya 6 pale kwenye safu ya pini 40. Pini 5 ni GPIO 3, yaani pini ya ishara, pini 6 ni ground, zimekaa pamoja. Hesabu kuanzia kwenye kona iliyo karibu na kadi, safu ya nje kuelekea ukingo wa bodi ni namba shufwa, 2, 4, 6, ya ndani ni witiri 1, 3, 5. Usikosee ukagusa pini 2 au 4, hizo ni volti 5, zikifika kwenye GPIO zinaiua chipu moja kwa moja. Kisha kwenye config.txt, siku hizi ipo /boot/firmware, ongeza mstari mmoja:

`dtoverlay=gpio-shutdown`

Basi. Ukibonyeza inazima kistaarabu, ukibonyeza tena inawaka. Wafundishe wanafunzi wa zamu: bonyeza, angalia taa ya kijani ipepese mara kumi sawasawa izime, ndipo chomoa. Watoto wanaelewa kitu cha kuhesabu.

terminali_nairobi:

Mzee hiyo ya kitufe nimeipenda sana. Naongeza moja ya stima kupotea ghafla: kwa `sudo raspi-config` kuna Overlay File System, ukiiwasha kadi inakuwa ya kusomwa tu, kila kinachoandikwa kinakaa kwa RAM, stima ikipotea kadi haina habari.

nyaya_tatu:

Hapo naomba nipingane na wewe dada, kwa kesi ya mwalimu tu. Overlay ni nzuri kwa bango la matangazo au kipima joto. Kolibri inaandika maendeleo ya kila mtoto, amefika zoezi gani, amepata ngapi. Ukiweka overlay na hizo data ziko kwenye kadi, umeme ukizima zote zinapotea, asubuhi mtoto anakuta anaanza upya. Na RAM yenyewe ni GB 1.

terminali_nairobi:

Ni kweli, sikufikiria hayo maendeleo ya watoto. Basi afanye nusu nusu: folda yote ya Kolibri ahamishie kwa diski ya USB kupitia KOLIBRI_HOME, ule mpangilio wa kuambia Kolibri folda yake iko wapi, ahakikishe inafanya kazi wiki nzima, ndio baadaye awashe overlay kwa kadi peke yake. Lakini kitufe kwanza. Pia atafute saa, Pi 3 haina betri ya saa, bila intaneti inapotea tarehe na ripoti za wanafunzi zitakuwa na siku za uongo. Kuna kabodi kadogo ka saa kanaitwa DS3231, bei yake ni ndogo, lakini nako kanatumia pini 5, kwa hivyo kasikae hapo pamoja na kitufe.

mwl_maabara:

Wakuu nimechelewa kurudi, nilikuwa nasubiri kadi. Imekuja GB 32 A1, nimeipima kwanza kabla hata ya kufungua kitabu cha mahudhurio, yote OK hakuna kilichopotea. Chaja nimepata ya 5.1V ampea 2.5, waya mfupi, `vcgencmd get_throttled` inajibu 0x0 hata video ikicheza, taa nyekundu imetulia. Kolibri ipo kwenye diski ya USB.

Ruta ya shule ni mbovu kwa hiyo Pi yenyewe nimeifanya iwe inarusha Wi-Fi, naweka hapa na wengine waone:

`sudo nmcli device wifi hotspot ssid Maabara password xxxxxxxx`

`sudo nmcli connection modify Hotspot connection.autoconnect yes`

Hiyo ya pili ni ili ijirushe yenyewe kila ikiwaka. Nilifanya nikiwa kwenye kibodi na projekta, nadhani ningekuwa nimeingia kwa SSH kupitia Wi-Fi ningejikatia mwenyewe. Watoto wanaunga Maabara, wanafungua 10.42.0.1:8080 kwenye simu, Kolibri inakuja, na nimeiweka kwa Kiswahili. Jana tulikuwa tableti sita na simu tisa kwa pamoja, video zikifunguliwa nyingi kwa mpigo inasita ila mazoezi yanaenda bila shida.

Swali la mwisho jamani. Mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani amepata Pi kama hii hii, hivi inabidi nirudie kila kitu tangu mwanzo?

nyaya_tatu:

Hapana mwalimu. Zima, toa kadi, kwenye Windows tumia Win32 Disk Imager, ile sehemu ya Read, inakutengenezea faili la .img la kadi yako yote kama ilivyo. Andaa nafasi ya GB 32 kwenye diski, na iwe na fomati ya NTFS, kwenye FAT32 faili halizidi GB 4. Kisha hilo .img unaliandika kwenye kadi ya mwenzako kwa Imager kama ulivyofanya, Use custom. Kadi yake isiwe ndogo kuliko yako hata kwa MB chache, halitaingia. Na ukishawasha ya kwake badilisha hostname, yaani jina la Pi kwenye mtandao, na paswedi. Kumbuka Kolibri yako ipo kwenye diski, hiyo nayo atahitaji ya kwake yenye masomo, na folda ya watoto wako usimpe.

Na Windows ikikwambia ufomati...

mwl_maabara:

Cancel 😊 nimeshaandika kwa makapeni juu ya laptopu.

Kitufe cha mzee tumekiweka leo, tumetoa kwenye redio ya babu wa mlinzi, yule yule mtoto wa matunda manne ndiye aliyechomeka, nimemsimamia ahesabu pini mara mbili kwanza. Jioni amebonyeza, darasa zima wamesimama kuzunguka meza wanahesabu kwa sauti, kumi, ikazima. Akachomoa.